Trei Nne za Mayai katika Hospitali ya Mfululizo

Bi Sikitu Mavere alifikaje nchi ya Mfululizo? Tusipoteze muda kwa hilo. Wapo waliofika kwa kupotea njia, wapo waliofika kwa kuunga foleni wakidhani ni ya sukari. Yeye alifika, na hilo latosha. Alikuwa mstaafu wa posta, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kwa miaka ishirini na minane kazi yake ilikuwa kupanga barua kwenye masanduku. Jicho likisoma namba, mkono ulikuwa umeshaitia barua mahali pake. Mtu aliyezoea kazi hiyo hana subira na upuuzi, na Mfululizo ni nchi yenye upuuzi mwingi, wote umeandikwa kwa mwandiko mzuri na kupigwa muhuri.

Katika nchi hiyo kila kitu hupangwa mstari mmoja, kwa kufuata nani alitangulia kufika. Nyumba ziko mstari mmoja, kwa hiyo mji mkuu una mtaa mmoja tu, mrefu kama mwendo wa nusu siku. Wauzaji sokoni nao hukaa mstari mmoja. Anayetaka chumvi huanza kwa muuzaji wa kwanza, humwuliza, "Una chumvi?" na akijibiwa hapana, humwendea wa pili. Huyo wa kwanza huuza kamba. Ameuza kamba tangu ujana wake, na hakuna asiyejua, lakini kila siku huulizwa chumvi, vitunguu, mafuta ya taa na viatu vya watoto, naye hujibu kwa adabu kwamba hana. Anayemruka ametenda kosa la dharau ya mwanzo, na adhabu yake ni kurudishwa mwanzo. Anayehitaji chumvi na vitunguu hutafuta chumvi kwanza, huipeleka nyumbani, kisha huanza upya kwa muuza kamba.

"Kwa nini msitundike kibao kinachoonyesha chumvi iko wapi?" Bi Sikitu alimwuliza mzee mmoja aliyekuwa ameshauliza wauzaji sitini na wanne.

Mzee alimtazama kwa huruma. "Sasa mama, mtu akishajua chumvi iko wapi, atatafuta nini?"

Na si kutafuta tu, bali kutafuta kwa jasho. Kila mtu hutembea na leso, na akipata alichokitafuta lazima ampe leso mkaguzi, ambaye huikamua mbele ya watu. Ikidondosha, amepata kihalali. Isipodondosha, basi sheria ya Mfululizo iko wazi: aliyepata bila jasho hakupata, ameiba.

Bi Sikitu alipokelewa katika nyumba ya Kidawa, mjane mwenye kuuza mayai. Wenyeji wa Mfululizo ni wakarimu, hilo lazima lisemwe, na Kidawa alimkaribisha kwa chai, chapati na kitanda chake mwenyewe. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na kwenye meza palikuwa na chupa ya uji ambayo hakuna aliyeinywa.

"Uji wa nani huu, mwenyeji wangu?"

"Wa mwanangu Zamda," alijibu Kidawa. "Yuko hospitali na homa. Leo siku ya tatu namtafuta."

"Unamtafuta? Si umesema yuko hospitali?"

"Ndiyo. Yuko hospitali, na mimi namtafuta."

Ilibidi Bi Sikitu aelezwe taratibu, na alipoelezwa aliomba aelezwe tena. Hospitali Kuu ya Mfululizo ina vitanda mia tisa, vyote mstari mmoja, chini ya paa moja refu. Mgonjwa akifika langoni hupewa namba na kulazwa kwenye kitanda chochote kitakachokuwa wazi, huku amefunikwa shuka mpaka usoni ili ndugu wasimtambue kabla ya hesabu. Ndugu naye hupewa namba yake. Hizo mbili zikijumlishwa hutimia elfu. Hawapewi namba moja inayofanana, maana hapo wangepatana upesi, na wenye nchi wanaamini upesi huharibu watu. Kuita jina ni marufuku, kwa sababu mgonjwa akiitwa huitika, na kuitika huko huhesabiwa kuwa udanganyifu. Na juu ya yote hayo, mgonjwa hapewi dawa mpaka ndugu yake apatikane asimame kando ya kitanda, kwani nani atashuhudia kuwa amekunywa?

Kidawa alikuwa amepewa namba mia mbili sitini na tatu.

Asubuhi Bi Sikitu alifuatana naye. Langoni walikuta ndugu wapatao mia saba, kila mmoja na chupa yake ya uji, na juu ya lango pamechongwa maneno: haraka haraka haina baraka. Kidawa alikabidhiwa karani wa kujumlisha, kijeba aitwaye Mdoe, mwenye kibao, chaki na mkoba wa fomu. Wakaanza kitanda cha kwanza.

"Namba yako, mgonjwa?" aliuliza Mdoe.

"Mia nne kumi na moja," sauti ilijibu chini ya shuka. "Na nimeshapona tangu mwaka juzi."

Mdoe aliandika, akajumlisha, akajumlisha tena kwa vidole ili kuhakiki. "Mia sita sabini na nne. Si elfu. Twende cha pili."

"Huyu kasema amepona," Bi Sikitu alinong'ona.

"Wapo wengi," alisema Kidawa. "Hawezi kuruhusiwa kama hajatafutwa akapatikana."

Walikwenda hivyo kitanda kwa kitanda, dakika kwa kitanda. Saa sita mchana kengele ikalia. Walikuwa wamefika kitanda cha mia tatu arobaini. Mdoe alifuta kibao chake kwa mkono wa shati, akaaga kwa heshima.

"Kesho tutaendelea na cha mia tatu arobaini na moja?" Bi Sikitu alimwuliza.

"Kesho tutaanza cha kwanza, mama. Pengine usiku hali itabadilika."

Kidawa aliinama pale pale, akalia bila sauti, akiwa ameikumbatia chupa ya uji. Siku nne sasa alikuwa ameishia kwenye vitanda vile vile. Kama Zamda amelazwa mbele ya hapo, kengele ingemkata kila siku mpaka homa iamue yenyewe. Alilijua hilo, ila hakuwahi kulisema kwa sauti, maana kule Mfululizo ni vibaya kusema jambo ambalo hujafika kwenye mstari wake.

Wakiwa njiani kurudi, Bi Sikitu alisema, "Mwenyeji wangu, namba yako ni mia mbili sitini na tatu. Toa hiyo katika elfu."

"Nitoe?" Kidawa alisimama. "Kwetu huwa tunajumlisha tu. Kutoa ni kazi ya waganga."

"Basi leo mganga ni mimi. Mwanao ni mia saba thelathini na saba. Hana namba nyingine hata wakimfunika shuka kumi. Kwa nini umpelekee Mdoe kila mgonjwa aje ajumlishe, wakati unajua unayemtaka?"

Kidawa alianza tena kutembea. "Hata nikijua, nitajuaje yuko kitanda gani? Si lazima niulize wote?"

"Mtu mmoja lazima aulize wote," alisema Bi Sikitu. "Mara moja tu. Kisha asiulize mtu tena." Na kwa mara ya kwanza tangu afike, alitabasamu, tabasamu la mtoto aliyeona sukari mahali pa wazi. "Nchi yenu ina desturi gani juu ya mgeni?"

Desturi ya mgeni ilikuwa hii. Mfululizo husema, kama kwingineko, mgeni njoo mwenyeji apone, na huichukulia methali hiyo kwa uzito kuliko kwingineko. Mgeni anayeingia mahali lazima asalimie kila aliyemo, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na ni haramu kumkatisha. Na salamu si kutafuta. Kengele ya saa sita hukata watafutaji, haina neno na wasalimiaji.

Kesho yake alfajiri Bi Sikitu aliingia hospitali na penseli sikioni, na mfuko wa vipande vya karatasi. Akamwendea mgonjwa wa kwanza.

"Hujambo, ndugu yangu? Habari za kuumwa? Na namba yako ni ngapi, nipate kukukumbuka kwenye dua?"

Akajibiwa, akaandika namba na kitanda, akasonga. Wakaguzi walimfuata nyuma kitanda kwa kitanda wakisubiri afanye kosa. Hakufanya. Kengele ililia yuko kitanda cha mia nne na kitu, makarani wakaenda kula, naye akaendelea kusalimia. Mgongo ulimuuma na koo likamkauka. Wengi walitaka kuzungumza, kwa kuwa hawakuwa wamesalimiwa na mtu asiyejumlisha kwa miaka.

Katika kitanda cha mia nane na kumi na mbili, sauti nyembamba ilimjibu, "Sijambo, shikamoo," na midomo haikuweza kuimaliza shikamoo. "Mia saba thelathini na saba."

Bi Sikitu alichovya ncha ya khanga yake kwenye ndoo ya maji, akaipenyeza chini ya shuka, ikafyonzwa kwa pupa. Alitamani kukimbia kumwita mama mtu pale pale. Lakini akiishia hapo, salamu yake ingegeuka kuwa msako, na mama mtu angeshtakiwa naye. Tena kule langoni walikuwapo ndugu mia saba na uji wao. Alimgusa binti bega, akasema kwa sauti ya kawaida, "Ugua pole, mwanangu, kesho si mbali," akaenda kitanda kilichofuata. Alimaliza cha mia tisa magharibi.

Nyumbani Kidawa alikuwa na trei za mayai zimerundikana mpaka dirishani. Bi Sikitu alichukua nne tupu, akaandika namba kwenye matundu kuanzia sifuri mpaka tisini na tisa, akayaacha matundu ishirini ya mwisho. Kisha akaanza kupanga. Kila karatasi aliitazama tarakimu mbili za mwisho za namba ya mgonjwa, akaisokota, akaitia kwenye tundu lake. Mia saba thelathini na saba, tundu la thelathini na saba. Mia moja na tano, tundu la tano. Mkono ulienda wenyewe kama enzi za posta, na Kidawa alimtazama kama mtu anayeona mganga kweli.

"Lakini tundu moja lina karatasi nyingi," alisema. "Hawatagombana humo?"

"Wagombane. Utaulizia tisa au kumi badala ya mia tisa. Hiyo ni hasara?"

Asubuhi waliweka trei kwenye meza nje ya lango. Bi Sikitu alitoa namba ya Kidawa katika elfu, akapeleka mkono tundu la thelathini na saba, akafungua karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. "Mia saba thelathini na saba. Kitanda mia nane na kumi na mbili. Nenda."

Kidawa alikwenda. Hakukimbia, maana uji ungemwagika, lakini alivipita vitanda mia nane na kumi na kimoja bila kusimama hata kimoja, na nyuma yake Mdoe alikuwa akipiga mayowe, "Mama! Mama, umemruka wa kwanza! Umemruka wa pili! Umemruka wa tatu!" na akaendelea hivyo, kwa utaratibu, mpaka pumzi ikamwishia kwenye themanini na kitu.

Alipofika aliuliza namba, akajibiwa, na Mdoe alipowakuta alilazimika kujumlisha. Alijumlisha mara tano. Ilikuwa elfu kila mara. Kidawa akafunua shuka. Zamda alikuwa amekonda usoni, macho yamezama, na alipomwona mama yake alijaribu kucheka.

Mkaguzi akanyoosha mkono. "Leso."

Aliikamua leso ya Kidawa mbele ya wote. Haikudondosha kitu. Akaikamua tena kwa nguvu, akaigeuza, akainusa. "Kavu," akatangaza. "Mgonjwa huyu ameibwa. Dawa irudishwe kabatini."

"Nimemwiba mwanangu mwenyewe?" Kidawa alipaza sauti.

"Sheria haisemi wa nani, mama. Inasema kwa jasho au bila jasho."

Wakamwita Mkuu wa Safu, Mheshimiwa Fungo, ndiye hakimu wa mambo kama hayo. Alikuja akiwa na kanzu safi na uso wa mtu asiyelala vizuri, akaketi kwenye kiti kando ya kitanda cha mia nane na kumi na mbili, akaamuru trei nne ziletwe kama kielelezo. Mdoe akashtaki kwa niaba ya makarani. Alisema trei hizi zinawaweka watu kumi katika shimo moja bila kujali nani alitangulia, na huo ni ukosefu wa adabu. Alisema nchi ina makarani mia sita wa kujumlisha wenye watoto wa kusomesha. Alisema vijana wakizoea kupata, watasahau kutafuta.

"Na huyu binti akifa," alisema Bi Sikitu, "vijana watajifunza nini?"

"Mgeni ajibu hoja," alisema Mheshimiwa Fungo.

"Najibu, mheshimiwa. Mnasema mama huyu hakutoka jasho. Mimi jana nilimsalimia kila mgonjwa, cha kwanza mpaka cha mia tisa, kutwa nzima. Leso yangu hii hapa, ikamueni mpaka kesho. Kazi ya kuuliza imefanywa, na imefanywa yote. Mnachotaka ni ifanywe upya mara mia saba kila siku, na kila siku iishie njiani."

Watu walinong'ona. Mheshimiwa Fungo aliziinamia trei, akazitazama tundu kwa tundu. Kidawa alikuwa amepiga magoti akimpepea mwanawe kwa ukingo wa khanga, na hakuwa akisikiliza tena mjadala, alisema tu, kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, mwanangu anaungua."

"Mahakama haiwezi kutegemea chombo isichokijua," alisema Mheshimiwa Fungo. "Lazima kijaribiwe. Kikisema kweli, mtoto apewe dawa. Kikisema uongo, arudi mwanzo." Alikohoa. "Ndugu mwenye namba mia nne na tisa. Mgonjwa wake yuko wapi?"

Mdoe aliinua kichwa haraka, kisha akakiinamisha.

"Mia tano tisini na moja," alisema Bi Sikitu. "Tundu la tisini na moja." Akatoa karatasi zake zote kiganjani, akazifungua moja moja na kuzisoma. Tisini na moja. Mia tatu tisini na moja. Mia tisa tisini na moja. Mia moja, mia nane, mia mbili, mia saba, zote na tisini na moja yake. Mia sita. Ya mwisho ilikuwa mia nne tisini na moja. Akakung'uta tundu, akalitazama, akampa mheshimiwa naye alitazame.

"Hayupo," alisema.

"Tafuta vizuri."

"Mheshimiwa, angekuwapo angekuwa humu. Hana tundu jingine."

"Labda ulimruka."

"Sikumruka mtu. Wakaguzi wako walinifuata."

"Ni mke wangu," alisema Mheshimiwa Fungo, si kama hakimu. "Nilikuwa safarini, nikaambiwa ameletwa hapa kwa machela. Miaka kumi na mmoja nakuja kila asubuhi kabla ya kazi. Naanza cha kwanza. Kengele hunikata mia tatu na kitu. Nami husema, basi, yuko mbele." Akaitazama kengele kule mwisho wa paa. "Siku zote nilikuwa na vitanda mia sita vya kumweka."

Bi Sikitu, ambaye tangu afike alikuwa akiicheka nchi hii moyoni, aliona aibu. Hakuwa amefikiri kwamba matundu yanayompa mtu mwanawe kwa dakika moja yanaweza kwa dakika hiyo hiyo kumnyang'anya mwingine mkewe. Na alielewa kwamba mzee huyu angeweza sasa hivi kusema chombo kinasema uongo, akarudi kesho kitanda cha kwanza na tumaini lake zima, na Zamda akabaki bila dawa. Neno moja lingetosha.

Mheshimiwa Fungo alikusanya zile karatasi tisa kiganjani kwa Bi Sikitu, akazisokota upya moja moja, akazirudisha kwenye tundu la tisini na moja.

"Chombo kinasema kweli," alisema. "Mpeni mtoto dawa."

Muuguzi alikuja mbio. Kidawa alimwinua mwanawe kichwa, na wote waliokuwapo walimwangalia Zamda akimeza, kidonge kwanza, kisha kijiko cha uji, kisha kijiko kingine. Kule langoni habari ilikuwa imeshafika, na ndugu walikuwa wakizitaja namba zao kwa sauti, wote kwa pamoja, bila mstari.

"Mdoe," aliita Mheshimiwa Fungo. "Andika. Mgonjwa namba mia tano tisini na moja. Ametafutwa. Hayupo."

Mdoe alifungua mkoba wake, akapekua fomu zote, za juu na za chini, kisha akapekua tena.

"Niwie radhi, mheshimiwa. Ya hayupo hatuna. Tuna ya anatafutwa na ya amepatikana tu."

"Basi ichore," alisema mzee. "Nitaisaini mimi wa kwanza."